Dakika Kumi

Shuleni wametuma kijikaratasi kilichokunjwa mara nne,
kana kwamba aibu hupungua kwa kukunjwa.
Tekle, miaka saba, anajikuna kisogo kwa penseli.
Aliyezijua nywele hizi ni mama yake,
na mama yake yuko Bari, ng'ambo ya bahari,
anamwogesha bibi kizee wa watu.

Mama yangu Nazibrola ameshafika mlangoni na chupa:
mafuta ya taa.
"Sisi sote tulipona kwa haya."
Nalitazama jiko la kuni, mdomo wake mwekundu
hatua tatu tu kutoka kiti cha mtoto.
"Sote, Mama?"
Ananyamaza. Anaishusha chupa sakafuni.
Ana dada ambaye hamtaji
ila siku ya kuwasha mishumaa makaburini.

Basi nikashuka hadi duka la dawa karibu na daraja.
Dodo, mwenye duka, alinihoji kama hakimu:
Miaka mingapi? Ana pumu? Kichwa kina vidonda?
Nikataka chupa mbili, niwaue mara mbili.
Moja akaivuta, akairudisha rafuni.
"Chawa akishakufa amekufa, Malkhazi.
Ya ziada italipwa na ngozi ya mtoto."

Sasa maelekezo yametandazwa mezani,
herufi ndogo kama mayai yenyewe.
Nayasoma kwa sauti, mstari kwa kidole,
mimi ninayefungua injini za mabasi bila kusoma kitu.

Nywele kavu. Dirisha wazi, Februari na iingie.
Jiko nimeliacha life; Mama, ndani ya shali mbili,
anainung'unikia serikali.
Glavu. Taulo machoni, alishike mwenyewe
kama anayehesabu wenzake wajifiche.
"Ikiwasha, hata kidogo, sema. Usinionee haya."
"Nikisema utalia?"

Nyuma ya masikio. Kisogo.
Utosi, pale palipokuwa pakidunda
siku nilipokabidhiwa.
Kumbe chini ya nywele ana baka jekundu, umbo la jani.
Miaka saba, sikulijua.

Kisha dakika kumi.
Si kumi na tano za bahati,
si usiku kucha ndani ya mfuko wa plastiki
kama anavyoshauri Guliko kupitia ukutani.
Kumi. Saa ya jikoni inatambaa.

Namwinamisha kwenye sinki, si bafuni,
maji ya vuguvugu yashuke na dawa
bila kupita mabegani.

Ndipo kitana, meno ya chuma yaliyobanana.
Fungu kwa fungu, toka shina hadi ncha,
kisha nafuta juu ya kitambaa cheupe.
Tekle anahesabu: kumi na tisa, ishirini,
"huyu anatikisa mguu!"
Mama, miwani juu ya miwani, anamulika kwa simu.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
hapa viko thelathini, na mmoja bado ametoroka.

Simu hiyohiyo ikaita mkononi mwake. Manana.
"Umenawa? Umechemsha foronya? Hajasikia kichefuchefu?"
Nyuma yake nywele nyeupe za kizee, nusu zimechanwa,
na kitana kingali mkononi mwake.
Hatukusema mengi.
Yeye akachana kule, mimi huku,
simu imeegemezwa kwenye mtungi wa chumvi.

Chupa nimeifunga, ipo juu ya kabati,
mbali na sharubati ya cheri inayofanana nayo.
Kwenye kalenda, siku ya tisa nimeizungushia wino:
watakaoanguliwa watanikuta.

Mama ameirudisha chupa yake stoo, haku­sema neno.
Amerudi, ameketi kwenye kiti kilekile,
akafungua kilemba, akainamisha kichwa.
"Haya," akasema. "Na mimi nitazame."