Mizani ya Jumanne

Mara ya kwanza niliishia mlangoni pa zahanati.
Nikasoma tangazo la chanjo mara saba,
kisha nikarudi kwa uchochoro wa nyuma
nikamwambia mama wamefunga.

Ya pili nilifika hadi kwenye benchi.
Moyo ukitwanga kama mchi wa jirani,
viganja vimelowa, ulimi kipande cha kitambaa.
Nesi Mwanakheri hakuniuliza kitu.
Alinipa kalamu: “Mimi nitasoma, wewe andika.”

Kilo sita na nusu. Kilo nane kasoro.
Watoto wa Langoni wananing'inia kwenye mizani,
wanja hadi kwenye paji la uso, wanalia
(nawaonea wivu: wanalia wazi, mbele za watu).
Na mshale, kila mara, hutetemeka kwanza.
Hatuupigii kelele.
Ukitulia ndipo tunaandika.

Sijapona. Juzi nilitapika kabla ya kutoka,
na Jumanne iliyopita sikwenda kabisa.
Nesi alijaza safu yangu kwa mwandiko wake mbaya,
akaiacha kalamu palepale, juu ya daftari.

Leo mwanamke mmoja kutoka Matondoni
kanikabidhi mwanawe ghafla, huku akipekua mkoba
kutafuta kadi.
Hakujua. Sikupata hata muda wa kukataa.
Mikono ilikuwa ikitetemeka, kama kawaida yake,
mtoto akadhani nambembeleza,
akalala.