Kilo Nane za Baba

Daktari Noh aligeuza kioo cha mashine kunielekea.
Ini langu lilikuwa jeupe,
kana kwamba mtu amelisiliba samli kwa kijiko.
"Asilimia thelathini na moja ni mafuta," akasema.
"Hili halimfai baba yako.
Punguza kilo nane. Una wiki tisa.
Yeye pengine ana kumi na moja."

Mimi, Chae Gyeong-su, msambazaji wa kuku wa kukaanga
katika jiji la Daegu, miaka sita sasa.
Kila oda iliyokataliwa, saa nane ya usiku,
boksi lisilo na mwenyewe
nimelimaliza mwenyewe, nimekaa ngazini, nikilamba vidole.
Kumbe sikulimaliza. Liliniingia mbavuni
likakaa kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kwetu ni ghorofa ya kumi na nne.
Lifti nikawa naisalimia tu na kuipita.
Vidato mia mbili thelathini na vinne.
Siku ya tatu nilitapika kwenye ghorofa ya tisa,
mbele ya mlango wa Bi Ok-bun.
Akatoka na ndoo, akanitazama, hakusema pole.
Alisema, "Baba yako ndiye aliyenitengenezea bomba."
Kesho yake, pale pale kwenye kidato,
kikombe cha chai ya shayiri, kimefunikwa kisahani.

Kiazi kitamu kimoja, ngumi ya mtoto.
Yai. Tango. Yai tena.
Na tofu isiyo na chumvi, ambayo siisemi vibaya
kwa sababu haijanikosea, lakini.

Usiku njaa haikubisha hodi.
Ilikuja na nyama ya tumbo la nguruwe inayolia juu ya makaa,
ikaja na wali, na ukoko wa wali.
Mwenye njaa hana miiko, wanasema.
Mimi nilikuwa nao mmoja, namba ya kitanda:
mia saba na kumi na mbili.

Baba hajui kusema anapenda.
Kwetu mtu haulizwi hali, huulizwa: Umekula?
Hilo ndilo neno lake, la miaka yote,
akirudi kutoka kiwanda cha nguo, mikono ya buluu hadi viwikoni.
Siku nilipoacha chuo alinizaba kofi,
akasema nimemkata maini.
Jioni ile ile, nyuma ya mlango wangu:
Umekula?

Sasa macho yake ni maji ya binzari.
Anatazama shavu langu lililobonyea,
mkanda niliotoboa matundu mapya kwa msumari,
anauliza, naye anajua.
Nimekula, baba.

Wiki ya sita mizani iligoma.
Siku kumi na moja, hata gramu.
Nikaipiga teke. Nikaiomba radhi.
Kisha nikabeba mgongoni mfuko wa mchele, kilo nane kamili,
nijue ninachodaiwa, nikapanda nao hadi juu.
Nilipoutua mlangoni
mwili ulipaa kidogo, sekunde moja tu,
nikashika ukuta.

Kioo kile, daktari yule.
Ini la kijivu. Kijivu cha kawaida,
sijaona rangi nzuri kama hiyo.
"Sita," akasema. "Asilimia sita."
Nikamuuliza kama naruhusiwa kunywa maji.

Alhamisi nikakatwa maini kwelikweli,
sehemu sita katika kumi.
Wanasema litaota tena, kwangu na kwake.
Ini halina kinyongo.

Siku ya nne walinisukuma kwa kiti cha magurudumu
hadi kwenye dirisha la chumba chake.
Kuna simu ukutani.
Akainua ya kwake, mkono mzima unatetemeka,
pumzi, pumzi,
halafu lile neno.

Bado, baba.
Bado sijala. Nina njaa.