Kisigino cha Kijani

Nimekuja kupima dirisha.
Utepe shingoni, pini mdomoni,
na Bi. Courtade, mke wa wakili, ananieleza:
pazia liwe zito, la mahameli,
maana jua la Dijon likishapinda
linakula rangi za picha ile.

Nageuka. Picha ile ni mimi.

Ni mgongo wangu, asubuhi moja ya Machi,
naosha miguu katika beseni la bati.
Anselme alikaa mlangoni, hapakuwa na nafasi kwingine,
goti lake likigusa kitanda.
"Usitikisike," alisema, nami nikatii.
Mwanga ndio haukutii:
uliteremka begani, ukahesabu mbavu,
ukaenda kujilaza juu ya taulo kama paka.
Maziwa yaliungua jikoni. Nilisikia harufu, sikugeuka.

Siku ile tuligombana kwa ajili ya kisigino.
"Kijani? Kwani mimi maiti?"
Akacheka, akanishika kifundo, akanitaka nitazame vizuri:
kivuli si cheusi, Noémie,
kivuli ni mwanga uliovua viatu.
Nikatazama. Kweli, kijani kilikuwepo,
kile cha moyo wa kabichi,
na kwenye kiwiko urujuani,
na chini ya kwapa, pale ambapo sijawahi kujiona,
manjano ya kiini cha yai.
Tangu hapo sijaweza kushona kitambaa cheusi
bila kutafuta buluu ndani yake.

Mficha uchi hazai, husemwa.
Mimi sikuficha; zilizozaa ni faranga,
mfukoni mwa mwuza picha wa Paris,
Anselme akiwa ameshalala udongoni
na kikohozi chake.

"Mwanamke huyu ni nani?" nauliza, natoa pini.
"Hakuna ajuaye. Mtu tu, wa kuegemeza mwanga."
Hanitambui. Nimevaa nguo.

Beseni lingali kwangu. Naloweka humo maharagwe.

Napima: mita mbili na robo kwenda chini,
moja na nusu upana. Naandika.
Kisha, bila kuulizwa, napunguza vidole viwili
upande wa magharibi,
upenyo wa kutosha mwali mmoja tu,
saa kumi jioni,
umfikie yule wa ukutani
kisiginoni.