Kurasa za Nyuma

Mbele ni madeni.
Mama Nyevu, unga kilo mbili.
Bwanakheri fundi, betri, na sigara tatu za rejareja.
Ustadhi wa madrasa, sukari, "mwisho wa mwezi".
Ukilipindua daftari juu chini, ukaanzia nyuma,
ni vipepeo.

Mwandiko ni wa Shekue, mume wangu,
herufi zote zimelalia upande mmoja
kama minazi iliyozoea kusi.
Tarehe, saa, mahali, jina.
Majina aliyatunga mwenyewe,
hakuwa na subira ya kuuliza ya wenyewe:
Kisutu, mweusi mwenye nukta nyekundu mkiani.
Karani, mweupe wa mistari ya wino.
Mdaiwa, yule mdogo wa manjano
asiyetulia ukimwita.

Hakuandika kila kipepeo. Wa kwanza tu,
wa kwanza wa mwaka. Na mwaka kwake
haukuwa ule wa kalenda ya benki ukutani.
Ulikuwa mvua yenyewe,
mwaka unaonyesha, mwaka unaovuja,
mwaka unaotuhamisha kitanda usiku wa manane.
Ukishakatika siku mbili tatu, jua likachomoza,
alivuta kiti mlangoni pa duka:
"Leo hakuna kukopa mpaka nimwone."

Kanuni zake zilikuwa mbili.
Awe anaruka.
Na aonekane na mtu wa pili,
maana jicho la mwenye hamu
ni shahidi wa uongo.

Miaka kumi na saba, mtu wa pili nilikuwa mimi.
Mikono ina unga, nasikia "Njoo! Njoo hapa!"
nafika, pamebaki mndimu na upepo.
"Umemwona?"
"Nimemwona."
Mara ngapi nilimwona kweli?
Tatu. Haya, nne.

Ukurasa wake wa mwisho una tarehe, una saa,
na penye jina ameandika: Bado.
Hiyo ilikuwa Jumatatu.
Alhamisi tulirudi makaburini
tope likitufika magotini.

Mwaka huu umekuja kwa kusitasita.
Ulinyesha Barani, ukairuka Shella,
ukarudi usiku kama mgeni aliyesahau kofia.
Juzi niliona sisimizi wamebeba bawa moja la manjano,
wakalipitisha chini ya mizani, wakaingia nalo ufani.
Awe anaruka. Sikuandika.
Jana Nyevu alikuja mbio, "Karani! Nimemwona Karani!"
Ilikuwa risiti ya tokeni za stima,
imepeperuka, imenasa uani.
Nikamwambia akatafute tena.

Leo, saa nne kasorobo, mabati yakifuka mvuke,
nampimia Bwanakheri mchele.
Juu ya bega lake, penye mndimu
ambao viwavi wake nilikataa kuwapulizia dawa,
mweusi. Nukta nyekundu. Akatua,
akafungua, akafunga, akafungua,
kama mtu anayetafuta deni lake
akiomba asilione.

"Bwanakheri, geuka."
Akageuka, naye mzito wa shingo,
mgongo wake wote ukaenda pamoja.
"Kuna nini?"
"Umemwona?"
Mndimu. Upepo. Jani moja bado linatikisika.
Akautazama mti, akanitazama mimi,
akaliona daftari limekaa kichwa chini,
na kalamu nimeshaishika.
"Nimemwona," akasema.
Uso ule naujua.
Nimeuvaa miaka kumi na mitatu.

Ile Bado sikuifuta. Nimeanzia mstari wa chini yake.
Tarehe. Saa nne kasorobo. Mndimu. Kisutu.
Shahidi: Bwanakheri, fundi.

Kisha nikalipindua daftari
nikaandika na mchele wake,
kilo moja na nusu,
mwisho wa mwezi.