Mizani

Mashine ilisema tani hamsini na nane na nusu.
Nikaandika hamsini na sita.
Kalamu haikukataa.
Hilo ndilo lililonishangaza, usiku ule wa Pongwe:
nilitegemea wino ukauke, mkono utetemeke,
walau mbwa abweke.
Mbaruku akashusha kioo, harufu ya tumbaku na saruji,
akaniachia gazeti lililokunjwa.
"Habari za michezo," akasema. "Soma ukurasa wa kati."

Ukurasa wa kati ulikuwa ada ya Mwanamkasi, muhula mzima,
na godoro la bweni.
Mama yake hakuuliza. Alihesabu, akafunga pindoni mwa kanga,
akanikatia kipande kikubwa cha mkate wa kumimina.
Tangu siku hiyo nakula vipande vikubwa.

Kazini hatusemi rushwa. Tunasema soda.
Kilua wa zamu ya asubuhi husema sadaka,
halafu hucheka hadi miwani ikashuka.
Mhandisi alikuja kukagua, akakagua,
akasema, "Mbona mmenisahau?"
Tukamkumbuka.

Baba alikuwa fundi cherehani, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Alitunga mashairi nyuma ya karatasi za kukatia suruali,
akihesabu kwa vidole: nane, pumzi, nane.
Mstari ukizidi silabi moja
aliufumua wote, kama mshono uliopinda.
"Mizani haina huruma," alisema,
"hata kwa neno unalolipenda."
Nilipopata ajira nilikwenda kumtania:
Baba, nami nimepewa mizani.
Akanipima kiuno kwa utepe wake, bila sababu,
akarudi kwenye cherehani.

Sasa lami imebonyea pale kwenye kona.
Mifereji miwili, mirefu, inatuama maji.
Bodaboda wanaikwepa. Nami naikwepa.

Mwanamkasi ameandika kutoka shuleni.
Wamepewa insha: kazi ya mzazi.
"Baba, mashine ikikosea,
ni wewe unayeisahihisha?"

Jana, zamu ikiwa kimya, nikajaribu kumjibu
kama angejibu babu yake:

*Mwanangu soma barua, kazi yangu ni kupima,*
*naandika kwa kujua, sipunguzi neno wala kima.*

Nikahesabu kwa vidole mstari wa pili.
Nane. Pumzi. Kumi.
Nikarudia, polepole. Kumi.
Nje lori likapiga honi, mara moja, kwa adabu.
Nikaandika pembeni, kwa kalamu ileile:
kumi na sita.