Chupa ya Kumi na Moja

Ufunguo wa ua wa Kadutu ninao mimi,
umefungwa kwa kamba ya kiatu, shingoni.
Alfajiri, ukungu bado umelala ziwani,
nafungua geti linalolia kama mbuzi,
nafagia majivu, maganda ya karanga,
na shairi lililochanwa juzi na mwenyewe.

Jumamosi ile hapakuwa na tiketi.
Kiingilio kilikuwa chupa kumi za plastiki,
zilizookotwa Kivu, majini,
si zile unazonunua dukani ukamwaga maji
ili uonekane mwema.
Nazijua. Za ziwani zina utelezi wa kijani
na harufu ya sambaza waliokata tamaa.

Murhula alikuja na kumi na moja.
"Nirudishie baki," akaniambia, kiganja wazi.
Miaka minane, suruali imelowa mpaka kiunoni.
Nikapapasa mfukoni: nini kina thamani ya chupa moja?
Nikampa chaki.
Akaigeuzageuza, akaiuma kidogo,
kama mtu anayepima dhahabu ya Kamituga.

Kufikia saa nne chupa zilikuwa kilima,
kana kwamba Bukavu ilipungukiwa na vilima.
Cirhuza akazikata kwa wembe, akazishona kwa waya,
akatoa samaki mrefu kuliko ukuta.
"Huyu," akasema, "ndiye anayeziba mashine za Ruzizi,
ndiye anayemeza umeme wetu usiku.
Tumwone sura. Tumpe jina."
Watoto wakampa jina la mkaguzi wa kodi.
Tukacheka, na mkaguzi, aliyekuwa amekaa safu ya pili,
akacheka pia, amechelewa kidogo.

Halafu akaingia Nsimire, hana chupa.
Alibeba mlango.
Mlango mzima, kichwani, wa bluu,
kitasa kinaning'inia.
Nyumba ilishuka na mvua ya Aprili, usiku,
pamoja na jiko, na ukuta wa jirani, na mparachichi;
mlango peke yake ulibaki wima,
umefungwa,
kama mwenyewe katoka mara moja kununua chumvi.
Sikumdai kiingilio.

Wachoraji wakamzunguka na makopo yao.
Mmoja alitaka kuweka njiwa.
"Msiuguse. Rangi hii aliipaka mume wangu,
vibaya, tazama michirizi."
Kisha akaulaza katikati ya ua, chali.
"Chezeni juu yake."

Wakacheza. Mlima uliamka ukiwa uchi,
ukauliza nani kauvua miti yake.
Kila mchezaji akamwonyesha mwenzake kidole,
vidole vikashuka jukwaani, vikapita safu ya kwanza,
ya pili, vikamkuta mkaguzi, vikamwacha,
vikanifikia mimi getini,
mimi niliyechemsha chai kwa makaa asubuhi ile ile.
Nikatazama ufunguo.

Saa nane tone la kwanza likamgonga samaki: to!
La pili. Kisha mgongo wake wote ukaanza kusema.
Kwingine mvua ikinyesha watu hukimbia.
Sisi kwanza tunatazama juu, kwenye mteremko,
tunahesabu nyumba.

Nsimire hakuhesabu.
Alichukua miche miwili ya mianzi kutoka kwenye pipa,
tuliyoiandaa kwa hotuba ya saa tisa,
akaifuata njia ya genge.
"Udongo ukilainika ndipo unapokubali," alisema, si kwetu.
Mgongo mmoja ukamfuata, ikawa sita, ikawa ua mzima,
ngoma za bidoni zikaachwa zikijaa maji.
Mkaguzi akavua viatu
bila kuitwa kwenye salongo yoyote.
Hotuba haikusomwa. Hakuna aliyeiulizia.

Nikabaki na watoto wadogo.
Walikuwa wameunyanyua mlango juu ya vichwa vyao,
mwavuli wa bluu wenye miguu kumi na minne,
na chini yake, kwenye saruji, Murhula amechuchumaa.
Amechora nyumba: madirisha mawili, moshi,
kuku mkubwa kuliko paa.
"Mbona haina mlango?" nikamuuliza.
Akanionyesha juu kwa kidole, hakuinua hata macho.

Maji yakaingia kwa pembeni,
yakaanza kulamba ukuta wa kwanza, kisha kuku.
Murhula akanyoosha kiganja, kile kile, cheupe sasa.
"Unayo nyingine?"