Fomu ya Mpito

Naibu waziri kaja Silesia na ramani:
hapa upepo, pale jua,
mwaka wa mwisho wa makaa umepigiwa mstari wa kijani.

Bożena anajaza fomu ya mumewe.
Kazi? Mgodi. Miaka? Thelathini na mmoja.
Ujuzi mwingine?
Anamtazama Zenon. Zenon anakohoa kwanza.
«Andika njiwa.»

Redio inasema serikali iko tayari.
Tayari, ndiyo:
viti vya harusi vimekodiwa,
posa haijapelekwa.

Jioni Zenon anapanda darini, anafungua tundu.
Njiwa wanalizunguka bomba la mgodi,
bomba lisilo moshi tangu Jumanne,
mara mbili, mara tatu,
kisha wanarudi palepale.
Ndivyo alivyowafunza.